Mtego wa nyumbu unapomnasa fisi

WAHENGA walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Methali hiyo inaeleza kwa ufasaha kinachotokea kila mwaka katika vichaka vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, upande wa wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara. Mtegaji hufunga waya wake kwa matumaini ya kupata nyumbu. Asubuhi inapofika, waya huohuo unaweza kuwa umemkaba fisi, simba, twiga au umekata mkonga wa ndovu, wanyama ambao mtegaji hakuwahitaji.

Ujangili wa kutafuta kitoweo umezungumzwa kwa miaka mingi, na mara nyingi hesabu inayotajwa ni ya nyumbu wanaouawa. Hesabu ya pili, ya wanyama wanaonaswa bila kulengwa, haitajwi sana. Hata hivyo, wapo watafiti wanaoiona hesabu hiyo kuwa nzito kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu wanyama wanaoingia humo ni wale wanaozaa kwa nadra na kulea kwa muda mrefu.

Tanzi lisilochagua

Mtego wa waya ni kifaa rahisi kutengeneza. Waya hukunjwa kuwa tanzi, ncha yake hufungwa kwenye shina la mti, kisha tanzi huning'inizwa katika njia ambayo wanyama huitumia kwenda majini au malishoni. Mnyama anapoingiza kichwa au mguu, husogea mbele, na kila anapojitahidi kujinasua ndivyo tanzi linavyozidi kukaza.

Zamani mitego ilitengenezwa kwa kamba za mimea na ngozi. Kamba hizo zilioza, na mnyama mwenye nguvu aliweza kuzikata. Siku hizi hutumika nyaya za chuma, zikiwamo za uzio, za simu na za umeme, pamoja na zile zinazopatikana kwa kuchoma matairi chakavu ya magari. Waya wa namna hiyo hauozi upesi, haukatwi kwa meno na haugharimu fedha nyingi.

Mtu mmoja anaweza kutega makumi ya nyaya katika kichaka kimoja na kurejea baada ya siku moja au mbili. Akikamatwa, akikimbia doria au akisahau mahali alipotega, nyaya zake hubaki zikifanya kazi. Mnyama anayenaswa humo hufa kwa kiu, kwa njaa au kwa kidonda, na nyama yake huoza bila kumnufaisha mtu yeyote. Mzoga huo nao huwavuta walao mizoga hadi katikati ya mitego mingine iliyotegwa jirani.

Msafara unaopita mlangoni

Ili kufahamu kwa nini wilaya hizi mbili zimo katika suala hili, ni lazima kuangalia ramani. Hifadhi ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951 na yenye ukubwa wa kilometa za mraba 14,763, inapakana na vijiji vya Tarime upande wa kaskazini, karibu na Mto Mara na eneo la Lamai. Upande wa magharibi na kaskazini magharibi ipo Wilaya ya Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu. Kati ya hifadhi na vijiji vya wilaya hiyo yapo mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, pamoja na Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona.

Nyumbu hawakai mahali pamoja. Wakati wa mvua, mwanzoni mwa mwaka, huwa katika nyanda za kusini, ambako huzaa. Ukame unapoanza, kati ya Mei na Julai, makundi makubwa huelekea magharibi na kaskazini, na kuanzia Julai hadi Oktoba mengi huwa karibu na Mto Mara, yakivuka kwenda na kurudi kati ya Tanzania na Kenya. Kwa maneno mengine, katika miezi ambayo nyasi zimekauka na akiba ya chakula nyumbani inapungua, kitoweo hupita karibu na milango ya wanavijiji.

Kwa Wakurya, Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na jamii nyingine za eneo hilo, nyama ya porini si jambo geni. Jamii kadhaa miongoni mwao zilikuwa za wawindaji kabla ya mipaka ya hifadhi kuwekwa. Kilichobadilika ni idadi ya watu na soko. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 1.7 katika Mkoa wa Mara, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 2.3. Nyama iliyokuwa ya chungu cha familia sasa hukaushwa, hufungwa na kusafirishwa kwa siri hadi mijini.

Makadirio ya nyumbu wanaouawa yametofautiana kadiri miaka ilivyopita. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulikadiria nyumbu wapatao 40,000 kwa mwaka. Utafiti mwingine wa mwaka 2015, uliotokana na kiasi cha nyama kinacholiwa majumbani, ulifikisha makadirio hayo kati ya 97,000 na 140,000.

Kwa muda mrefu kiasi hicho kilionekana kuvumilika, kwa kuwa nyumbu ni mnyama anayezaliana haraka. Majike wengi huzaa ndama mmoja kila mwaka. Baada ya ugonjwa wa sotoka kudhibitiwa kwa chanjo ya ng'ombe, nyumbu wa Serengeti waliongezeka kutoka takribani 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi kufikia milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Idadi hiyo imekuwa ikitajwa hadi leo, ingawa utafiti wa picha za satelaiti uliochapishwa mwaka 2025 ulihesabu chini ya nyumbu 600,000 katika misimu ya mwaka 2022 na 2023, na hivyo kuzua mjadala mpya miongoni mwa wataalamu.

Mama anayesafiri usiku

Mnyama anayeonyesha vizuri zaidi hasara ya mtego usiochagua ni fisi madoa. Watu wengi humfahamu fisi kwa hadithi za uroho na uchawi, na kifo chake hakimsikitishi mtu. Wanasayansi Heribert Hofer na Marion East, ambao utafiti wao wa fisi katikati ya Serengeti ulianza mwaka 1987, waligundua maisha tofauti kabisa na hadithi hizo.

Fisi huishi katika koo zenye eneo na pango lake. Nyumbu wanapoondoka katika eneo la ukoo, fisi hawahami pamoja nao, bali huwafuata na kurudi. Jike mwenye watoto huacha wanawe pangoni, husafiri kilometa 40 au zaidi hadi yaliko makundi, hula, kisha hurejea kunyonyesha. Safari hiyo hurudiwa mara nyingi kwa mwaka, na huweza kumpeleka hadi kwenye mipaka ya hifadhi, mahali ambako mitego imejaa.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993, Hofer na East, wakishirikiana na Kenneth Campbell, walikadiria kuwa fisi wazima wapatao 400 walikuwa wakifa kila mwaka kwa kunaswa katika mitego ya Serengeti. Mitego hiyo ndiyo iliyosababisha zaidi ya nusu ya vifo vya fisi wazima. Hakuna mtegaji aliyekuwa akimtafuta hata mmoja kati yao.

Uzito wa hesabu hiyo unatokana na malezi. Fisi jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja au wawili. Watoto hao hutegemea maziwa ya mama yao kwa miezi mingi ya mwanzo, na huendelea kunyonya hadi wapitapo mwaka mmoja. Ingawa watoto wa majike kadhaa hukaa katika pango moja, kila mama hunyonyesha wa kwake. Kwa hiyo, waya unaomuua mama kilometa 40 kutoka pangoni huwaua na watoto wanaomngoja, bila mtu yeyote kuona mizoga yao.

Hata anayefanikiwa kukata waya na kuondoka hasalimiki kabisa. Wapo wanaoishi na tanzi lililozama shingoni, na wapo waliopoteza mguu. Utafiti wa kikundi hichohicho uliochapishwa mwaka 2023, uliotokana na kumbukumbu za zaidi ya miongo mitatu, ulionyesha kuwa majike waliopata majeraha makubwa ya nyaya walichelewa kuanza kuzaa na walikuza watoto wachache kuliko wenzao wasio na majeraha. Mtego mmoja unaendelea kupunguza kizazi miaka mingi baada ya waya kukatika.

Simba naye hunaswa shingoni anapopita vichakani au anapovutwa na mzoga uliomo mtegoni. Ndovu hukatwa mkonga, kiungo anachokitumia kula, kunywa na kupumua. Ndovu jike hubeba mimba kwa takribani miezi 22 na huzaa kwa vipindi vya miaka minne au mitano. Kwa mnyama wa aina hiyo, kifo kimoja huchukua muda mrefu kufidiwa.

Somo kutoka baharini

Watafiti wa fisi walipotafuta jina la jambo hili, walilichukua kwa wavuvi. Baharini, samaki au mnyama anayenaswa katika wavu usiokuwa wake ni tatizo lililochunguzwa kwa muda mrefu, na mfano wake mkubwa ni papa.

Katika pwani ya Tanzania na Kenya, nyavu za jarife zenye macho makubwa hutegwa usiku kwa ajili ya jodari, nguru na samaki wengine wakubwa. Humo pia hunaswa papa, taa, kasa, pomboo na hata nguva. Baadhi ya papa hulengwa kwa nyama na mapezi yao, lakini wengi hufa kwa sababu tu walikuwa njiani. Papa upanga, ambaye kwa hakika ni jamii ya taa, ana pua yenye meno pembeni inayonasa upesi katika wavu wowote. Ametoweka katika sehemu kubwa ya bahari alizokuwa akipatikana.

Kama ilivyo kwa fisi na ndovu, papa wengi huchelewa kukomaa na huzaa watoto wachache. Ndiyo maana bahari inaweza kuendelea kutoa dagaa na vibua wakati papa wanamalizika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa papa na taa wa bahari kuu walipungua kwa asilimia 71 duniani tangu mwaka 1970, na sababu kuu ni uvuvi. Mwaka 2022, nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini (CITES), zilizokutana Panama, ziliongeza zaidi ya spishi 50 za papa katika orodha ya wanaodhibitiwa kibiashara.

Somo la bahari kwa Serengeti ni kwamba wingi wa kinacholengwa hauwezi kutumika kupima usalama wa kisicholengwa. Mvuvi huendelea kutega kwa sababu jodari bado wapo, naye mtegaji wa Tarime au Serengeti huendelea kwa sababu nyumbu bado wanapita. Wote wawili hawana sababu ya kuacha hadi kinacholengwa chenyewe kipungue, na kufikia hapo wasiolengwa wanaweza kuwa wamekwisha.

Zipo pia tofauti. Mvuvi anaweza kubadili ukubwa wa macho ya wavu, kubadili ndoana au kumrudisha papa majini akiwa hai. Tanzi la waya halina marekebisho ya namna hiyo. Mtegaji hayupo mnyama anaponaswa, na hata akimkuta simba hai mtegoni hawezi kumfungua. Kwa hiyo, nchi kavu hakuna mtego wa waya ulio salama; upo ulioondolewa na ambao haujaondolewa.

Sheria, doria na mabucha

Kutega wanyamapori kwa waya ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974. Kukutwa na nyamapori bila kibali nako ni kosa. Ndani ya hifadhi, ulinzi uko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (Tanapa), na katika mapori ya akiba uko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (Tawa).

Kwa miaka mingi doria zililenga kumkamata mtu, na nyaya zilikusanywa pale tu zilipoonekana. Aprili 2017, shirika la uhifadhi la Frankfurt Zoological Society (FZS), kwa kushirikiana na Tanapa na kwa michango ya kampuni za utalii, lilianzisha mpango maalumu wa kuondoa mitego ndani ya Serengeti. Vikundi vya askari na wasaidizi wao hupita vichakani kwa miguu wakitafuta nyaya. Takwimu zilizotolewa baada ya takribani mwaka mmoja na nusu zilionyesha kuwa nyaya zaidi ya 17,000 zilikuwa zimeondolewa, na wanyama zaidi ya 150 waliokutwa hai wakaachiwa.

Mafanikio hayo ni makubwa, ila kazi yake inafanana na kuteka maji kwenye mtumbwi unaovuja. Waya ulioondolewa leo unaweza kupatikana tena kesho kwa kuchoma tairi. Ndiyo maana hatua nyingine zimelenga sababu inayomfanya mtu atege.

Miaka ya 1990, mradi wa uhifadhi wa Ukanda wa Serengeti ulijaribu kuwavuna nyumbu kihalali na kuwauzia wanavijiji nyama kwa bei nafuu. Uvunaji huo haukuweza kujiendesha, kwa kuwa gharama za magari, bunduki na wataalamu zilizidi mapato, wakati mtegaji haramu alihitaji waya tu. Baadaye zilianzishwa benki za uhifadhi za jamii, zinazofahamika kwa jina la Cocoba, ambazo huwapa wanachama mikopo midogo ya kufuga, kulima au kufanya biashara. Vijiji vilivyomo katika Jumuiya ya Ikona navyo hupata mgawo wa fedha zinazolipwa na wawekezaji wa utalii.

Mwaka 2020 Serikali ilitoa kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni, ili mwananchi anayependa nyama hiyo aipate kihalali na ikiwa imekaguliwa. Ukaguzi huo si jambo dogo. Mnyama aliyekutwa amekufa mtegoni anaweza kuwa na kimeta au ugonjwa mwingine, na nyama iliyokaushwa haimwonyeshi mnunuzi ilikotoka.

Ipo pia njia ambayo haipiti hifadhini kabisa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu vijiji vinavyozunguka Serengeti ulionyesha kuwa ulaji wa nyamapori unahusiana na bei ya vitoweo vingine. Samaki na nyama ya ng'ombe vinapopanda bei, familia hugeukia nyama ya porini. Kwa mkoa unaopakana na Ziwa Victoria, maana yake ni kwamba hali ya uvuvi ziwani, barabara za kufikisha dagaa vijijini na afya ya mifugo ni sehemu ya uhifadhi wa Serengeti sawa na bunduki ya askari wa doria.

Hesabu isiyoonekana sokoni

Suala hili lina upande wa binadamu usiopaswa kupuuzwa. Mtegaji anayekamatwa mara nyingi ni kijana asiye na ardhi ya kutosha wala mifugo, na kifungo chake huiacha familia bila msaada. Wapo pia wanaojeruhiwa na nyati au tembo wakiwa katika shughuli hiyo. Faida kubwa huishia kwa mchuuzi anayefikisha nyama mjini, ambaye hajawahi kuingia porini.

Hapo ndipo mkazi wa mjini anapohusika. Kipande cha nyama kavu kinachouzwa kwa siri huko mjini huitwa nyumbu au swala, na pengine kweli ni nyumbu au swala. Ambacho mnunuzi haoni ni wanyama wengine walioingia katika mitego iliyotegwa pamoja na ule, ambao hawakufika sokoni kwa sababu hakuna anayekula fisi wala simba. Gharama yao haimo katika bei.

Nyumbu wataendelea kuvuka Mto Mara msimu hadi msimu, na kwa anayetazama kwa mbali msafara huo utaonekana kuwa ushahidi kwamba Serengeti iko salama. Kipimo cha kweli kimo pia katika mapango yaliyo mbali na mto, ambamo watoto wa fisi humngoja mama aliyekwenda kutafuta chakula. Nyaya zikipungua Tarime na Serengeti, mama huyo atarudi.